Kisanduku cha Tatu

Magloire hakuketi. Alisimama ng'ambo ya sufuria ya mafuta, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu la njia ya Muyinga, akasema neno moja kwa sauti ya chini, kana kwamba mandazi yalikuwa na masikio.

"Balimukamata."

Joséphine aligeuza andazi. Akageuza la pili, akageuza la tatu, ndipo akauliza, "Nani?"

"Papa Dorcas. Ku bariyeri ya askari, mu njia ya Muyinga. Juzi."

"Ju ya nini? Makaratasi yake yote iko sawa. Mi mwenyewe niliyaweka mu koti."

"Si makaratasi, Mama Dorcas." Magloire aliuza viatu vya mitumba pamoja na Bashizi, mume wa Joséphine na baba wa Dorcas, na kwa kawaida alikuwa mtu wa kelele. Leo alitazama kwanza kushoto na kulia. "Ni cahier yako. Ile daftari ya Mzee Bado."

Kwenye benchi walikuwapo wateja watatu. Mmoja alikumbuka kwamba ameacha maharage motoni. Wa pili hakukumbuka kitu, aliondoka tu. Wa tatu alifunga nusu ya andazi lake katika kitambaa na kuinuka bila kuaga, naye ndiye aliyekuwa akimwita Joséphine dada yangu wa tumbo moja. Hivyo ndivyo mtaa wa Musinzira ulivyokuwa, na hivyo ndivyo Gitega yote ilivyokuwa, katika mwaka wa pili wa vikwazo, vita ndani na majirani wameifungia nchi mipaka: mtu akikamatwa, hata kivuli cha mkewe hukimbiwa.

Na Mzee Bado hakuwa mtu. Alikuwa mchoro. Alikaa ukurasa wa nyuma wa gazeti moja la Tanzania, ndani ya visanduku vitatu, chini ya herufi nene zilizosema VUNJA MBAVU. Mzee mwembamba, koti refu kuliko yeye. Kila mara aliulizwa kama amekwisha kufanya jambo fulani, na kila mara, katika kisanduku cha tatu, alijibu "Bado," na kuongeza udhuru wa kumfanya msomaji amwage chai. Hakuna aliyelinunua gazeti hilo Gitega. Lilikuja kama karatasi ya kufungia vitu, marobota ya magazeti ya mwaka jana na mwaka juzi, yakipenya mpaka wa Kobero juu ya malori yaliyopenyeza kila kitu. Duka la Zehrabai Rehmtulla ndilo lililoyapokea. Zehrabai alikata kila ukurasa vipande viwili kwa kisu cha jikoni, na kisu hicho, mwaka baada ya mwaka, kilipita palepale: kati ya kisanduku cha pili na cha tatu. Kipande kipana kilitosha robo kilo ya sukari. Kipande chembamba kilifungia chumvi.

Sasa sukari ilitengenezwa nchini, kila mtu aliipata. Chumvi ilitoka nje, na tangu mipaka ifungwe Zehrabai aliwauzia wale aliowapenda. Kwa hiyo Musinzira ilipata maswali ya Mzee Bado kila siku na majibu yake mara chache sana. Watu ambao hawangeweza kukubaliana juu ya jambo lingine lolote katika nchi ile waliketi kwenye benchi la Joséphine, mwanafunzi wa Mushasha, mfua nguo, askari jandarme aliye likizoni, wakagombania mwisho wa kichekesho. Joséphine ndiye aliyebandika vipande hivyo katika daftari. Pale kisanduku cha tatu kilipokosekana, alichora chake kwa rula na kuandika jibu lake mwenyewe kwa kalamu ya bluu. Wakati mwingine jibu la kweli lilipotokea kwa bahati, watu walisema, "Yako njo tamu zaidi, Mama Dorcas." Naye aliwaamini. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza.

"Daftari lilifika Muyinga namna gani?" aliuliza. "Nimelitafuta siku tatu."

"Alilichukua. Convoi ya malori ilisimama saa ine nzima pale bariyeri, jua linatupiga, akaanza kusomea batu. Anawaambia: hii mwisho ni bibi yangu aliandika. Batu bacheke! Sasa soda mumoja, askari na bunduki yake, akakuya, akasoma kichwa. Vunja mbavu. Akauliza, mbavu ya nani?"

Joséphine alifumba macho.

"Papa Dorcas akamwambia ni ya Mzee Bado. Soda akauliza, Mzee Bado ni nani, ni chef wenu wa porini? Na batu..." Magloire alitazama tena barabarani. "Batu balicheka, Mama Dorcas. Balimucheka soda."

"Ee Mungu."

"Hapo akafungua ukurasa wa mwisho. Ile askari beko ku mulango, na bibi anauliza, umejitayarisha, mume wangu? Na chini yake mukono yako."

Hakuhitaji kukumbushwa. Alikuwa ameandika mwenyewe, mguu juu ya mguu, akijiona hodari kwa kuwaambia askari waje kesho, tena waje wengi: *Bado. Mukuye kesho asubui, mukuye bengi.*

"Na kesho yake asubui batu ba porini balishambulia position ya basoda," Magloire alisema. "Asubui. Na balikuya bengi."

Mandazi yalikuwa yanaungua. Hakuna aliyeyatoa.

"Balimuuliza nani aliandika. Akasema: mi."

"Papa Dorcas? Hawezi ata kuandika jina yake sawasawa!"

"Njo vile alisema. Mi. Sasa naenda. Sikufika hapa, sikukwambia kitu."

*

Duka la Zehrabai lilikuwa limekwisha kubadilika. Sukari ilifungwa katika karatasi za mifuko ya simenti. Mwanamke mwenyewe alikaa juu ya kiti chake kirefu kama hakimu, mtandio mabegani, na kabla Joséphine hajatoa salamu alisema, "Gazeti hakuna."

"Jambo, Mama Naushad. Nataka nusu moja tu. Ile ya askari ku mulango, ile nusu ya chumvi. Nikiwaonyesha mwisho ya kweli bataona ni kichekesho. Bwana yangu iko mu kaso, balimufunga."

"Sijui askari. Duka hii nauza sukari, sabuni, kiberiti. Wewe naona gazeti hapa?"

Uani kulikuwa na moshi. Vipande vyeusi vya karatasi iliyoungua vilielea juu ya ukuta, vikaingia dukani polepole, kimoja kikatua juu ya mizani. Zehrabai alikipuliza.

"Iko nachoma takataka," alisema.

"Miaka yote munatufungia ule muzee. Leo haumujui?"

"Iko nani? Mimi sijui muzee yoyote. Wewe ndiyo nabandika, wewe ndiyo naandika maneno ya vita, halafu naleta soda dukani kwangu? Mtoto yangu Naushad nauza mali hapa miaka kumi na mbili, hapana pata kesi. Sikiliza, Mukongomani. Ukitaja jina yangu huko Muyinga, mimi nasema wewe iko mwizi. Sasa tazama nani wataamini."

Wanunuzi wawili waliokuwa mlangoni walitazama chini. Joséphine alihisi uso wake unawaka. Miaka yote alikuwa amenunua sukari yake pale, alikuwa amesimama katika mstari, alikuwa amesema asante kwa robo iliyopungua kidogo, na sasa alikuwa Mukongomani. Aligeuka aende. Lakini hasira ilikuwa na ulimi wake yenyewe.

"Haumujui, hm? Ule mwenye maji ilijaa mu nyumba yake. Bibi anamuuliza, umeshaita fundi? Na yeye ameikaa mu sufuria, anasema..."

"Karai!" alisema Zehrabai.

Wanunuzi waliinua macho.

"Sufuria mutu mzima naingia namna gani? Ni karai! Mukononi iko na upawa, iko napiga kasia. 'Bado. Nangoja bandari ifunguliwe.'" Kisha akasikia alichokisema. Mkono wenye bangili ulipanda kufunika mdomo, ukachelewa.

Joséphine alimtazama kama mtu aliyeona mlango pale alipodhani ni ukuta. Mwanamke huyu alikuwa amechoma magazeti yote kwa woga, angemkana hata mwanawe kwa woga, lakini hakuweza kuacha karai liitwe sufuria.

"Na ile ya askari?" aliuliza taratibu.

Zehrabai aliangalia wanunuzi, akaangalia moshi wake. Alishuka kwenye kiti, akainama kana kwamba anatafuta kitu chini ya meza, na sauti ikatoka huko. "Chini ya kitanda. Mguu moja iko nje na kiatu. Nasema: 'Bado. Waambie bado sijarudi.'" Aliponyanyuka, pembe ya mdomo wake ilikuwa inatetemeka. Aliikaza tena midomo. "Sasa toka. Sikukwambia kitu."

*

Asubuhi iliyofuata Joséphine alimwacha mtoto wake Dorcas kwa jirani aliyekubali hadi jioni tu, akapanda juu ya magunia katika msafara wa kupitia Karuzi. Alifika Muyinga kabla ya adhuhuri. Kambi ya wanajeshi ilikuwa katika ghala la zamani la kahawa, na mlangoni walimvua viatu, wakamvua kitambaa cha kichwa, wakamwambia akae chini. Kulikuwa na viti vinne vitupu. Alikaa chini.

Luteni alikuwa akila mishikaki. Hakumtazama hadi kijiti kilipokuwa kitupu.

"Donc, we njo bibi ya mwandishi."

"Hapana, mon lieutenant. Mwandishi ni mi. Bwana yangu hajui kuandika."

Luteni alimgeukia mtu aliyekuwa ameketi kwenye meza ndogo pembeni. "Radjabu, unasikia? Bwana anasema ni yeye, bibi anasema ni yeye. Mapendo gani hii! Andika. Nitawafunga bote wawili, bakaelewane ndani."

Radjabu aliandika. Alikuwa raia, karani wa kambi, mtu mzima mwenye mvi, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Daftari la Joséphine lilikuwa mbele yake. Aliandika maneno machache, akafungua ukurasa, akaandika tena.

"Mon lieutenant, ni vichekesho," Joséphine alisema. "Inatoka mu gazeti. Kule Tanzania kuvunja mbavu maana yake ni kucheka sana."

"Kucheka." Luteni alijipangusa vidole. "Mi nikikuvunja mbavu, utacheka? Radjabu, écoute, sikia. We unajua Kiswahili kuliko sisi bote. Ni vile?"

Radjabu hakuinua kichwa. "Sijui, mon lieutenant. Mimi ni wa mtaa wa Buyenzi, humu humu nchini. Kiswahili cha Tanzania sikijui."

Lakini alilisema kwa Kiswahili kilichonyooka kama kilichopigwa pasi, *sikijui*, wala hakuna mtu wa Buyenzi aliyepata kusema hivyo. Joséphine alikuwa na sikio. Alijua mara moja kwamba mtu huyu amekulia ng'ambo, katika kambi za wakimbizi au miji iliyozizunguka, na alijua pia kwa nini anaficha. Siku zile aliyelelewa Tanzania hakuulizwa alisoma shule gani. Aliulizwa amerudi na nani, kwa kuwa waasi nao walitokea huko.

Kisha aliona kitu kingine. Radjabu alikuwa amefika kwenye ukurasa wa mafuriko. Midomo yake ilitikisika kidogo, bila sauti, kama mtu kanisani anayemtangulia padri kwa maneno anayoyajua kwa moyo. Akafunua ukurasa uliofuata haraka. Miwani ilipoinuka, macho yao yakakutana, na macho ya karani yalisema wazi kuliko maandishi yoyote: *Mama, usinifanyie hivyo.*

"Peleka huyu ndani," Luteni alisema.

Joséphine alimfikiria Dorcas, mlango wa jirani na neno *jioni tu*. Alimfikiria mwanamume aliyesema *mi*.

"Mon lieutenant, moja tu," alisema. "Nikupatie mwisho ya kweli, ile ya gazeti. Halafu unifunge."

Luteni alikuwa ameshiba. "Sema."

"Askari beko ku mulango. Bibi anauliza, umejitayarisha, mume wangu? Sasa kisanduku ya tatu." Hakumtazama Luteni. Alimtazama karani. "Mzee Bado amepanda juu ya mti ya avoka."

Kalamu ya Radjabu ilisimama.

"Ameikaa kwa tawi, miguu yote mbili iko inaning'inia..."

Radjabu alilifunga daftari, akalifungua tena.

"...na ameshika mwavuli, anasema: Bado, nachuma ya chakula ya..."

"Chini ya kitanda," alisema Radjabu.

Alilisema kwa upole, kama mtu anayepita mbele ya picha iliyopinda na kuinyoosha bila kukusudia. Na alipokwisha kuanza hakuweza kuishia hapo. "Yuko chini ya kitanda. Mguu mmoja nje, umevaa kiatu. 'Bado. Waambie bado sijarudi.'"

Mwanajeshi wa mlangoni, aliyekuwa hajalala tangu shambulio, alipasuka kicheko. Alijizuia, kikatoka puani. Luteni alimtazama kwa ukali, kisha akalirudia jibu lile kimoyomoyo, na mabega yake mwenyewe yakaanza kutikisika. "Waambie bado sijarudi! Na mguu iko nje!" Alipiga paja. "Kumbe ni kweli, ni upumbavu tu. Tolea ule Mukongomani wa mu kaso, aende zake."

Kicheko kiliisha kama mshumaa uliopulizwa.

"Radjabu."

"Mon lieutenant."

"Hii nusu haimo mu cahier."

Karani alivua miwani.

"We wa Buyenzi. Uliisoma wapi? Gazeti ile inafika Buyenzi?"

Joséphine alikuwa na jibu. Lilikuwa fupi. Ikiwa gazeti lilifika Gitega limefunga sukari, lingeshindwaje kufika Buyenzi limefunga chumvi? Sentensi moja tu, na alikuwa nayo mdomoni, na alikuwa ametoka kuonyesha kwamba mdomo anao. Lakini mwanajeshi alikuwa amekwisha kwenda na funguo, mlango wa nyuma ulikuwa unalia, na aliogopa kwamba neno lolote litakalosemwa sasa litaufunga tena. Akatazama miguu yake mitupu. Akanyamaza.

*

Bashizi alitoka ameinama upande mmoja, kiwiko kimebana ubavu. Walikuwa wamefanya kama kichwa cha habari kilivyosema.

Mlangoni walipishana na Radjabu akiingizwa. Mahali pa miwani palibaki alama nyekundu tu, juu ya pua. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Alisema, "Ulijua, mama," na mlango ukafungwa.

Walipewa daftari, vitambulisho na kiatu kimoja cha Bashizi. Walitembea hadi kwenye malori. Kila hatua ya tatu alisimama kuvuta pumzi.

"Kwa nini ulisema ni we?" Joséphine aliuliza, karibu na kulia, karibu na kumpiga. "We, mutu ya kushika kalamu sawa jembe!"

"Ulitaka niseme nani?"

"Na kwa nini ulilichukua bila kuniomba?"

Bashizi alifikiri. "Batu balikuwa na woga mu convoi," alisema. "Na ile mwisho yako ilikuwa tamu. Ungeona vile balicheka." Akataka kucheka mwenyewe, ubavu ukamkata, akashika ukuta. "Ule muzee balikuwa banaingiza mu kaso, ni nani?"

"Sijui," alisema Joséphine. "Tembea."

*

Wiki ya pili, benchi lilijaa tena. Dada wa tumbo moja alirudi wa kwanza, akauliza kwa nini mandazi ya siku hizi ni madogo. Hakuna aliyeomba radhi. Walitaka kusikia. Hadithi ya mwanajeshi aliyemtafuta Mzee Bado porini ilikuwa imetangulia kufika Gishubi na kurudi ikiwa imenona, na Bashizi, aliyefungwa kifua kwa kitenge cha mkewe, aliombwa kuisimulia asubuhi na jioni. "Musinichekeshe," aliwasihi, ameshika ubavu, na hilo ndilo lililowachekesha zaidi. Alipofika kwenye mguu uliotokeza chini ya kitanda, walipiga mbao za benchi kwa viganja. Juu ya aliyelisema jibu lile, Bashizi alisema tu, "Karani moja," na hakuna aliyeuliza zaidi.

Marobota mapya yalifika. Zehrabai alirudi kukata magazeti kwa kisu kilekile, na siku moja, bila kuombwa, alimpimia Joséphine robo ya chumvi. Alisukuma kifurushi juu ya meza kwa kidole kimoja, upande wa mchoro juu. Joséphine alikibeba hadi nyumbani, akamwaga chumvi kwenye kopo, na karatasi akaiwashia moto bila kuisoma. Daftari lilikuwa limetangulia motoni.

Kila Alhamisi lori la maharage lilitoka Muyinga na kusimama ng'ambo ya barabara. Alhamisi iliyofuata Joséphine aliacha mafuta motoni, akavuka kabla Saidi dereva hajazima injini.

"Ule karani wa kambi," alisema. "Mwenye miwani ya uzi. Alitoka?"

Saidi alikuwa mtu wa sauti kubwa. Alichungulia dirishani, akapiga kelele juu ya ngurumo ya injini, hadi benchi zima likasikia:

"Bado, Mama Dorcas!"

Na benchi likacheka. Hawakuwa wamesikia swali. Neno lenyewe liliwatosha.